Nilivyomjibia Bibi kwa Daktari

Bibi yangu alikuwa kiziwi kwa miaka saba, na nyumba yetu ya Ghubra, hapa Maskati, ilishikilia kwamba hasikii kwa sababu ya feni. Feni zikizimwa, ilikuwa kwa sababu ya watoto. Watoto wakilala, ilikuwa kwa sababu bibi ana mawazo. Sijapata kuona watu hodari wa kutafuta sababu kama watu wa kwetu, na uhodari huo wote walikuwa nao ili wasitamke neno moja ambalo hata jirani alikuwa analijua.

Jambo hilo tuliliita sitara. Mzee husitiriwa. Neno zuri, na mimi nimelichoka. Kwetu maana yake ilikuwa kwamba mgeni akimwuliza bibi hali, mmoja wetu anajibu kabla bibi hajagundua kwamba ameulizwa. "Hajambo, alhamdulillah, anakula vizuri." Bibi anatazama midomo, anatabasamu, anatikisa kichwa. Mgeni anafurahi. Mama yangu alikuwa bingwa wa mchezo huo; aliweza kumjibia bibi huku anamimina kahawa, asimwage hata tone.

Kilichotutia hofu hasa ni sauti yake. Bibi hakuwa na njia ya kujua anasema kwa sauti kiasi gani, kwa hivyo alisema kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. Siku moja kwenye khitma, chumba kimejaa wanawake na kimya kimetanda kabla ya dua, alimwegemea mama akadhani ananong'ona: "Huyu si ndo yule alorejeshwa na mume kwa uchoyo?" Aliyerejeshwa alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo, na sinia ya halua mapajani. Tangu siku hiyo bibi akawa anawekwa pembeni kabisa, karibu na viatu, mama upande mmoja na mimi upande mwingine, kama askari.

Bibi alikuwa na kaka yake, na kaka yake naye alikuwa hasikii. Masikio yao yalikuwa ya baba mmoja na mama mmoja, na mioyo yao vilevile. Baba yao na ami zao wote walikufa kwa moyo. Lakini kaka mtu alifika Maskati mapema kutoka Unguja, alikuwa na Kiarabu kilichonyooka, akapata kazi kubwa serikalini na nyumba Madinat Sultan Qaboos yenye majani mbele yaliyomwagiliwa mpaka adhuhuri. Yeye alipoacha kusikia hakuna aliyetaja feni. Ilisemwa kwamba kazi zimemchosha masikio. Akapelekwa Ulaya, akarudi na kifaa kidogo cha rangi ya ngozi kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lake. Na kila mwaka, joto likizidi, alikwenda kupimwa moyo huko huko, akirudi na picha za moyo wake ndani ya bahasha, akazionyesha sebuleni kama picha za harusi.

Bibi alikuja baadaye, mjane, na Kiarabu cha sala na cha kununulia samaki. Moyo wake ukimwenda mbio, kaka yake alisema ni wasiwasi wa wanawake.

Kaka mtu alipopata kifaa kipya, kile cha zamani alimletea dada yake. Alikileta siku ya Idi, mbele ya watu, kwenye kisanduku cha manukato. Nyumba nzima ilishukuru. Hakuna aliyeuliza itakuwaje kitu kilichochongwa kwa sikio la mwanamme mwenye kichwa kikubwa kiingie kwenye sikio la bibi kizee mdogo kama kinda. Kiliingia kwa kulazimishwa. Kilipiga mluzi. Kilimchubua. Bibi alikivaa kila kaka yake alipokuja, na akiondoka alikitoa, akakifuta, akakifunga kwenye leso. Mama alithubutu kusema, kwa adabu zote, labda apimiwe chake mwenyewe.

"Apimiwe asikilize nini?" akasema huyo kaka mtu, ambaye sisi wajukuu tulimwita babu. "Mimi nna vikao. Yeye yupo nyumbani. Sikio n'shampa, mnataka nimpe na kichwa?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ndiyo maana naandika haya. Sitaki mtu asome akadhani nilikuwa upande wa haki tangu mwanzo.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini. Shule ya sekondari niliimaliza kwa alama zisizonifikisha chuo kikuu, na aibu ile niliilipizia kwa kujifundisha mwenyewe. Nilijifunza Kiingereza kwa kamusi moja iliyokatika jalada na kwa karatasi zinazotoka ndani ya boksi za dawa. Nilipata kazi ya kupiga chapa kwenye ghala moja kule Rusayl, na barua yenye kosa la nukta moja niliirudia yote. Wenzangu walidhani ni bidii. Ilikuwa hofu. Nililiogopa kosa kama watu wengine wanavyoogopa majini, na siku niliyokosea neno mbele ya meneja nilikaa chooni mpaka saa ya chakula ikapita.

Basi ni mimi niliyechaguliwa kumpeleka bibi kituo cha afya. Matibabu yalikuwa bure, na gari ilikuwepo, kwa hivyo hatukuwa na kisingizio chochote isipokuwa sisi wenyewe. Daktari alikuwa Mhindi, Kiarabu chake kifupi, Kiingereza chake cha haraka.

"Wewe ndo unojua Kizungu," mama aliniambia mlangoni. "Na usimwache bibi yako akaropoka. Pale wanakaa watu wanotujua."

Njiani bibi alikuwa ameniambia kila kitu. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na alipenda kunieleza mambo ndani ya gari kwa sababu tumefungiwa na siwezi kuondoka.

"Mke mwenzangu, nikilala chali nnazama. Wallahi nnazama, kama mtu alotiwa kisimani. Nnalala nimekaa. Na moyo unanipapatika kama kuku aloshikwa miguu. Mwambie daktari. Mwambie na la kuku."

"Ntamwambia, bibi."

"Eti?"

"NTAMWAMBIA!"

Chumba cha daktari hakikuwa na mlango uliofungwa. Kilikuwa na pazia. Nje ya pazia kulikuwa na benchi, na kwenye benchi walikaa wanawake watano, wawili wao nawajua kwa majina ya watoto wao. Daktari akauliza, bila ya kuinua macho, mgonjwa analalia mito mingapi. Swali lenyewe ndilo hilo, alikuwa amelileta mezani kama sahani. Nilitakiwa kugeuka, kumpigia bibi kelele za mito, na bibi angejibu kwa kelele kubwa zaidi kwamba anazama kisimani, na benchi lote lingesikia.

Na kulikuwa na jambo jingine, dogo, la kunidhalilisha zaidi. Nilianza kuitunga ile sentensi ya kuzama kwa Kiingereza, nikafika katikati nikawa sina hakika ya kitenzi. Njia mbili zilinijia na sikujua ipi sahihi. Ya kuku sikuijua hata kuianza.

Nikasema: "Miwili, daktari. Analala vizuri."

Ilikuwa sentensi safi. Nakumbuka nilivyofurahi ilivyotoka.

Bibi alimwona daktari anaandika, akajua zamu yake imefika, akaanza. Alieleza kwa mikono, akashika kifua, akaonyesha miguu iliyovimba na alama ya soksi iliyobaki kama pete. Nilimwekea mkono juu ya goti ili apunguze sauti. Alipomaliza, daktari alinitazama.

"Anasema amechoka kidogo," nikasema.

Tulikwenda hivyo kwa karibu mwaka na nusu. Kila mara bibi alisema mengi na mimi nikasema machache, yote bila ya kosa. Daktari, ambaye kwenye benchi alikuwa na watu kama mchanga, alipenda wagonjwa wenye msemaji kama mimi. Aliwahi kunisifu matamshi. Nilirudi nyumbani siku hiyo naruka.

Alitoa vidonge: vya presha, na vya kupunguza maji mwilini. Alieleza chumvi iachwe, na vidonge vya maji vinywewe kila asubuhi bila ya kuruka. Nilimwambia bibi ndani ya gari, mara moja, kwa sauti ya wastani, kwa sababu taa ilikuwa nyekundu na vioo vya gari ya jirani viko wazi. Bibi alitikisa kichwa. Bibi alitikisa kichwa kwa kila kitu. Ndiyo adabu tuliyomfundisha sisi.

Halafu nikafanya jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka masikio yananiwaka. Nilimtengenezea jedwali. Nililipiga chapa kazini, majina ya dawa, saa, siku zote saba, mistari imenyooka, na nililirudia mara tatu kwa sababu safu ya Ijumaa ilikuwa nyembamba kuliko nyingine. Nikalibandika kwenye friji. Kwa herufi za Kirumi. Bibi yangu alikuwa anasoma Qur'ani mchana kutwa, na Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za Kiarabu, barua ndefu kwa jamaa zake Unguja, mwandiko mzuri kuliko wangu. Herufi za Kirumi hakuzijua hata moja. Mimi nilijua kwamba hazijui. Nyumba nzima ilijua. Watu saba tulikuwa tukifungua friji ile kila siku, tukilisifu jedwali.

"Zuri," bibi alisema. "Umelipata wapi?"

Asubuhi moja, wiki chache baada ya Idi Kubwa, alitoka kutawadha akashindwa kufika kwenye msala. Hatua sita. Tulimkuta ameegemea kabati, midomo imegeuka rangi ya zambarau, anavuta pumzi kama anayezipokonya. Mama alianza kusema ni baridi ya maji. Hata hapo, jamani. Hata hapo.

Hospitali kubwa walimweka kitandani, wakamtia hewa ya puani na sindano, na mchana akawa anaweza kukaa. Akaja muuguzi. Alikuwa Mwomani kama sisi, lakini wazee wake walirudi kutoka bara ndani, upande wa maziwa makuu, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Mama aliposikia lafudhi tu alivuta mdomo. Kwetu sisi watu wa Unguja, mwenye asili ya bara hata akiwa na shahada tano ni mtu wa bara. Tulikuwa na mzee anayekufa kwa adabu zetu, lakini pua tulikuwa nazo za kukunja.

Muuguzi akauliza: "Mama analalaka na mito ngapi?"

"Miwili," nikasema. Ilitoka yenyewe.

"Dada, ni wewe mgonjwa?"

"Hapana, lakini yeye hasikii."

"Basi nyamaza, asikie."

Akakitoa shingoni kile kipimo cha kusikilizia moyo. Nilidhani anataka kumpima. Badala yake akachukua zile ncha mbili za masikioni akamtia bibi masikioni, taratibu, akaushika ule upande wa duara karibu na mdomo wake mwenyewe, akasema humo kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, shikamoo."

Bibi aliruka. Akatazama dari. Akatazama nyuma ya mto.

"Nani huyo?"

"Ni mimi hapa mbele yako, mama."

"Mbona umo kichwani mwangu?" Akamshika mkono asiende. "Marahaba. Marahaba, mwanangu. Sema tena."

Miaka saba. Ile mipira miwili ilikuwepo kwenye shingo ya kila daktari niliyempeleka bibi mbele yake.

"Mama, unalala na mito ngapi?"

"Mito gani! Nnalala nimekaa, mwaka wa pili huu. Kitanda nnakitazama tu kama cha jirani."

"Ulimwambia daktari?"

"Kila nikenda nnamwambia. Nnamwambia huyu, huyu anamwambia." Akaninyooshea kidole bila ya ubaya wowote, kama mtu anayeonyesha dirisha.

Muuguzi aliandika. Hakunitazama, na nilimchukia kwa hilo, kwa sababu angenitazama ningepata pa kujitetea.

"Na vidonge vya maji, unavinywa?"

"Siku ya wageni sinywi. Na siku ya kutoka sinywi. Na Ijumaa sinywi. Nijikojolee mbele za watu?"

Wodi yote ilisikia. Mama alijifunika uso kwa ncha ya shela. Nyuma ya pazia la pili sauti ya mwanamke mwingine mzee, simjui mpaka leo, ikaitika: "Hata mimi sinywi, dada! Wananipa, nnavitia chini ya godoro!" Na bibi, ambaye hakumsikia, akaendelea kueleza la kuku, kwa ukamilifu wake, miguu na mabawa.

Jioni daktari wa moyo alikuja na faili kutoka kituo cha afya. Alisema moyo umepanuka na umechoka, si jambo la wiki moja wala la mwezi mmoja. Angeletwa mapema wangeweza kufanya zaidi. Akafungua kurasa za nyuma akanisomea: analala vizuri, mito miwili, amechoka kidogo, analala vizuri. Kiingereza kile kilikuwa changu, neno kwa neno. Hakikuwa na kosa hata moja.

Babu alifika kabla ya magharibi, kanzu nyeupe, fimbo, harufu ya udi. Alisimama miguuni mwa kitanda.

"Moyo? Tangu lini ana moyo?"

Akauliza kama bibi amevaa lile sikio alilompa. Mama akasema limesahauliwa nyumbani. Babu akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyetoa zawadi kwa wasiojua thamani, akasema angeambiwa mapema angempigia simu daktari wake. Kisha akaondoka, maana alikuwa na wageni. Mimi nilimdharau kutoka mlangoni mpaka kwenye lifti, na niliporudi nikakuta dharau bado imebaki nyingi na haina pa kwenda ila kwangu.

Bibi alirudishwa nyumbani baada ya siku nane. Alasiri ya kwanza alitaka kukaa uani, kwenye kivuli cha ukuta. Akaniita.

"Mke mwenzangu. Daktari kasema nini? Yote. Usinitengenezee."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa siku nane. Nilitaka kuyasema kwa upole, karibu na sikio, mkono wangu juu ya wake. Lakini toba ya kunong'ona haimfikii kiziwi. Nilisema kwa upole na bibi akasema, "Eti?" Nilipandisha sauti na bibi akasema, "Eti?" Mara ya tatu nilisimama katikati ya ua nikapiga ukelele.

"MOYO WAKO UMECHOKA, BIBI! HAUTARUDI KAMA ZAMANI!"

Mtumishi wa jirani, aliyekuwa anaanika nguo juu ya paa, alisimama na shuka mkononi.

"Haya," bibi akasema. "Na nini tena?"

"NILIMWAMBIA DAKTARI UNALALA VIZURI! SIKUMWAMBIA UNAZAMA!"

"Kwa nini?"

"NILIONA HAYA! NA MANENO SIKUYAJUA!"

Mama alitoka jikoni mbio akanifanyia ishara nishushe sauti. Bibi alimwona, akamfukuza kwa mkono kama anayefukuza nzi. Akanigeukia. Ningependa kuandika kwamba alinisamehe, kwa sababu wasomaji wanapenda mabibi wanaosamehe. Hakusema kitu kama hicho.

"Nilikuwa nnaona," akasema. "Mie nnasema kitambo kizima, wewe unasema neno moja. Nikadhani Kizungu lugha fupi."

Akakohoa. Akaomba maji, akakumbuka kwamba maji anapimiwa, akaomba nusu.

"Sasa n'andikie hizo dawa kwa herufi za watu," akasema. "Na siku ya kwenda, nnasema mimi, nawe unayasema yote kama nilivyoyasema."

Niliandika kwa ule mwandiko wangu usiofaa wa herufi za Kiarabu, herufi zimepinda, na bibi akausahihisha kwa penseli mbele yangu. Vidonge vya maji akavinywa, wageni waje wasije. Aliishi Ramadhani mbili zaidi, zote mbili bila ya kufunga, jambo lililomuuma kuliko kifua.

Siku ya kwanza tuliyorudi kituo cha afya, daktari yule yule aliuliza swali lake akanigeukia. Nilitazama ukuta. Daktari akaelewa, akainama kuelekea kwa bibi akapaza sauti kwa Kiarabu chake kibovu. Bibi akajibu, kwa sauti yake yote, na alichukua muda mwingi. Alipomaliza nikaanza kufasiri: kuzama, kitanda, miguu, kuku. Kitenzi nilikikosea, nikajua papo hapo kwamba nimekikosea, jasho likanitoka mgongoni. Daktari alinisahihisha, bila ya kuinua macho, kama mwalimu. Kisha akaandika.